Mzigo wa Aliyeonya

 Najua wengine wenu mmewasha redio huku chai iko motoni, na wengine mko karibu kutoka kwenda kazini, kwa hiyo sitawachelewesha kwa salamu nyingi.

Nataka tuongee habari za mzee mmoja aliyeitwa Bob Ebeling. Si wengi kati yenu mliowahi kulisikia jina hilo. Alikuwa mhandisi katika kampuni ya Morton Thiokol, huko jimbo la Utah, Marekani, kampuni iliyotengeneza roketi za kuvisukuma vyombo vya angani. Alifariki mwezi wa Machi 2016, akiwa na umri wa miaka 89. Miaka 30 ya mwisho ya maisha yake aliiishi akiwa na mzigo moyoni, na kila nikiufikiria mzigo huo nashindwa kabisa kusema ulikuwa wake.

Wale waliokuwa watu wazima mwaka 1986 watakumbuka jambo lililotokea Jumanne ya tarehe 28 Januari. Chombo cha Wamarekani kiitwacho Challenger kilirushwa kutoka pwani ya Florida saa tano na dakika 38 asubuhi. Kilipaa vizuri, watu wakashangilia. Baada ya sekunde 73, kikiwa juu kiasi cha kilomita 14, kilisambaratika mbele ya macho ya watu wote, na moshi mweupe ukagawanyika mara mbili angani kama pembe. Watu saba walikuwa ndani, na hakuna aliyepona.

Magazeti yalisema saba, saba, mpaka watu wakasahau kwamba kila mmoja alikuwa na kwao. Hebu tuwataje. Kiongozi wao, Francis Scobee, aliingia jeshi la anga kama fundi wa injini za ndege, akajisomesha mpaka akawa rubani. Michael Smith, rubani msaidizi wake, ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kwenda angani. Judith Resnik alikuwa mhandisi wa umeme. Ellison Onizuka alikuwa mjukuu wa Wajapani waliohamia Hawaii, akakulia Kona penye mashamba ya kahawa. Ronald McNair alikuwa mtu mweusi kutoka South Carolina. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alikataliwa kuazima vitabu katika maktaba ya mji wao kwa sababu ya rangi yake, naye akakataa kuondoka mpaka polisi wakaitwa. Mtoto huyo alikuja kuwa daktari wa elimu ya fizikia. Gregory Jarvis alikuwa ameahirishiwa safari mara mbili, nafasi yake wakapewa wanasiasa, na sasa ilikuwa zamu yake.

Wa saba alikuwa mwalimu. Christa McAuliffe, mwenye umri wa miaka 37, alifundisha shule ya sekondari katika mji wa Concord, New Hampshire. Walimu zaidi ya 11,000 waliomba nafasi hiyo, akachaguliwa yeye. Alikuwa afundishe masomo kutoka angani, na kwa ajili hiyo shule nyingi za Marekani ziliwasha televisheni asubuhi ile. Wanafunzi wake mwenyewe walikusanyika wakiwa na kofia za sherehe na vipenga mkononi. Wazazi wake walikuwa kule Florida wakitazama juu. Mwanawe wa kiume alikuwa na miaka 9, na binti yake miaka 6.

Jambo moja nitalisema upesi nilipite, maana ni zito. Wachunguzi waligundua baadaye kwamba chumba walimoketi hakikuvunjika papo hapo. Kiliendelea kupanda kidogo, kisha kikaanguka baharini, muda wa zaidi ya dakika mbili, na baadhi yao walikuwa wamefunguliwa hewa ya dharura. Basi, wenye akili na wafahamu. Tuendelee.

Ni kitu gani kilichowaua? Pete ya mpira. Roketi zile kubwa mbili za pembeni zilitengenezwa vipande vipande, kisha vipande vikaunganishwa. Penye kila kiungo palikuwa na pete mbili za mpira za kuziba, ili moto wa ndani usipenye nje. Kazi yake ni ileile ya kipande cha mpira ambacho fundi wa bomba hutia ndani ya mfereji ili maji yasivuje. Pete hizo zilikuwa pana kuliko chumba cha kulala cha wengi wetu, lakini unene wake ulikuwa milimita 7 hivi. Mpira ukiwa na joto hunepa na kujaza nafasi yake mara moja. Ukipata baridi hukakamaa. Na usiku wa kuamkia siku ile, Florida, nchi ya machungwa, ilipata baridi ya kugandisha maji. Barafu ilining'inia kwenye mnara wa kurushia.

Wahandisi wa Utah walijua habari hii. Hawakuambiwa na malaika. Waliona kwa macho yao. Mwaka mmoja kabla, Januari 1985, chombo kingine kilirushwa baada ya siku za baridi, na roketi zake ziliporudishwa na kufunguliwa, walikuta masizi meusi yamepita pete ya kwanza. Mwezi wa Julai mhandisi mwenzake Ebeling, Roger Boisjoly, aliwaandikia wakubwa wake kwamba jambo hili lisipotengenezwa watu watakufa. Mwezi wa Oktoba Ebeling naye akaandika. Barua yake ilianza kwa kupiga kelele ya kuomba msaada, kwa herufi kubwa, kama mtu anayezama.

Mbona hawakusikilizwa? Ndugu zangu, hapa naomba niwaambie jambo langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliketi katika kamati ya ujenzi wa kanisa. Seremala akaja akatuambia mbao za paa bado mbichi, tungoje miezi miwili. Lakini tarehe ya kuweka kanisa wakfu ilikuwa imekwisha kutangazwa, na wageni wamealikwa. Tukamwuliza, "Fundi, una hakika paa litaanguka?" Akasema, "Hapana, wazee wangu. Hakika sina." Tukamwambia aendelee na kazi. Na paa halikuanguka. Hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo, kwa sababu tangu siku ile kamati yetu haikumsikiliza seremala tena.

Ndivyo ilivyokuwa kwa pete zile. Chombo kilikwenda na kurudi, pete zikaonekana zimeungua kidogo, na watu wako salama. Kikaenda tena, kikarudi tena. Kila kiliporudi, wakubwa walizidi kuona kwamba kuungua kidogo ni jambo la kawaida.

Jioni ya tarehe 27 Januari palifanyika mkutano kwa njia ya simu. Upande mmoja walikuwa wahandisi wa Utah, na upande mwingine maofisa wa NASA, lile shirika la serikali linaloshughulikia safari za anga, wengine wakiwa Alabama na wengine Florida. Wahandisi wakasema kwa umoja: msirushe chombo ikiwa pete zina baridi kuliko ile ya mwaka jana, yaani chini ya nyuzi 12 hivi. Maofisa wa NASA hawakupendezwa. Safari ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa. Mmoja wao, George Hardy, alisema amestushwa sana na shauri hilo, ingawa aliongeza kwamba hawezi kurusha ikiwa kampuni yenyewe inakataa. Mwingine, Lawrence Mulloy, akauliza kwa hasira kama wanataka angoje mpaka Aprili.

Wakubwa wa kampuni wakaomba dakika tano washauriane wenyewe. Dakika tano zikawa nusu saa. Boisjoly akaweka picha za masizi mezani mbele yao, na waliziona, lakini walikuwa kama hawazioni. Kisha mkuu mmoja akamgeukia Robert Lund, aliyesimamia wahandisi wote, akamwambia avue kofia ya mhandisi na avae kofia ya meneja. Lund akageuza neno lake. Mameneja wanne wakakubaliana, na wahandisi hawakuulizwa tena. Allan McDonald, mtu wa kampuni aliyekuwa kule Florida, alikataa kutia saini, ikabidi sahihi itafutwe kwa mkubwa mwingine Utah.

Angalieni jinsi swali lilivyogeuzwa usiku ule. Desturi ilikuwa mhandisi aulizwe: thibitisha kwamba ni salama. Safari hii waliulizwa: thibitisheni kwamba kutakuwa na ajali. Na nani awezaye kuthibitisha ajali ambayo haijatokea? Ni swali lile lile tulilomwuliza seremala wetu.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka safari ya Paulo kwenda Rumi, katika Matendo sura ya 27. Walikuwa wametia nanga Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, na majira ya baridi yamekaribia. Paulo akawaonya kwamba wakiondoka watapata hasara ya chombo na ya roho za watu. Lakini akida aliyewasimamia wafungwa aliona heri kumfuata nahodha na tajiri wa merikebu. Nani amsikilize mfungwa, mtu asiye baharia, mbele ya mwenye mali? Wakatweka tanga. Mnajua yaliyowapata.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya nichague habari hizi. Paulo alikuwa ndani ya merikebu. Aliwaonya, hawakusikia, akapanda pamoja nao, akafunga chakula pamoja nao, akaelea majini pamoja nao, na watu wote 276 wakafika nchi kavu. Bob Ebeling hakuwa ndani. Alikuwa Utah, mbali maelfu ya kilomita, katika chumba cha mikutano chenye joto, akitazama televisheni.

Usiku ule alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba chombo kitalipuka. Asubuhi alikwenda kazini pamoja na binti yake, na ndani ya gari alikuwa akipiga ngumi mbele yake kwa uchungu.  Boisjoly hakutaka hata kutazama. Wakaketi pamoja. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba chombo kitalipuka pale pale chini, mara tu roketi ziwashwapo. Roketi zikawashwa, chombo kikapaa, kikaupita mnara. Wakapumua. Boisjoly alisimulia baadaye kwamba ilipofika kama sekunde ya 60, Ebeling alimwambia kwamba amemaliza sasa hivi kuomba sala ya kumshukuru Mungu kwa kuwavusha salama. Zilikuwa zimebaki sekunde 13.

Ndugu msikilizaji, mimi nimehubiri miaka mingi juu ya maombi, na mahali hapa nimepita polepole sana. Yule mtu alishukuru kwa jambo ambalo hakupewa. Tangu siku ile akaanza kuamini kwamba kosa ni lake. Kwamba hakusema kwa nguvu ya kutosha. Kwamba angekuwapo mtu mwenye ulimi mwepesi zaidi, mwenye hesabu zilizopangwa vizuri zaidi, wale saba wangekuwa hai. Aliacha kazi muda si mrefu. Alikwenda kujitolea katika hifadhi ya ndege wa porini karibu na kwao, mahali palipokuwa pameharibiwa na mafuriko ya maji ya chumvi, akasaidia kupatengeneza upya. Nadhani ilimfaa kushika udongo na kutazama vitu vinavyoruka na kutua salama. Alipewa hata tuzo kwa kazi ile. Lakini mzigo ulibaki.

Wenzake nao hawakupita bure. McDonald alisimama mbele ya tume ya uchunguzi akaeleza yaliyofichwa, na kampuni ikamshusha cheo, mpaka wabunge wa Marekani walipoingilia kati. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuzitengeneza upya roketi zile. Boisjoly alisema kweli mbele ya tume hiyo, na kazini watu wakamkwepa kama mwenye ukoma. Husimuliwa kwamba mtu aliyemkumbatia hadharani alikuwa Sally Ride, mwanamke wa kwanza Mmarekani kwenda angani, aliyekuwa mmoja wa wana tume. Basi kukumbatiwa huko hakukugharimu kitu, na Boisjoly alikukumbuka mpaka kufa kwake, Januari 2012.

Januari 2016, ilipotimia miaka 30, mwandishi mmoja wa redio akaenda nyumbani kwa Ebeling. Alikuwa mwandishi yule yule ambaye Ebeling alimweleza siri za mkutano ule mwaka 1986, kwa sharti la kutotajwa jina. Sasa mzee alikuwa na miaka 89, mgonjwa, na hakuogopa tena kutajwa. Akasema maneno ambayo yaliwahuzunisha waliosikia. Alisema anafikiri Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Alisema akifika mbele za Mungu atamwuliza kwa nini alimchagua yeye, mtu wa kushindwa.

Ningeweza kumjibu kwa Maandiko. Ningemfungulia Ezekieli sura ya 33, penye habari za mlinzi aliyepiga tarumbeta. Pale imeandikwa wazi kwamba mlinzi akiisha kupiga, na watu wasijali, damu yao haitadaiwa mkononi mwake. Ebeling alikuwa amepiga tarumbeta. Alipiga Oktoba, akapiga tena Januari. Kwa sheria ya nabii, mtu huyo ni huru. Lakini nimewaona watu wengi walio huru kwa Maandiko na bado hawalali usiku. Mama aliyesema mtoto apelekwe hospitali, mumewe akakataa, na mtoto akafa. Mwambie hana hatia, atakuitikia "ndiyo, mchungaji," kisha atalia ukiisha kutoka. Kuna msamaha ambao moyo hautaki kuupokea kwa mtu asiyekuwapo.

Redio iliposikika, barua zikaanza kuja. Mamia ya barua, kutoka kwa watu asiowajua, wahandisi, walimu, watu wa kawaida. Binti yake akamsomea moja moja. Zilimfariji, lakini mzee alisema hajasikia neno lolote kutoka NASA wala kutoka kampuni yake ya zamani. Si kwamba alikuwa mkaidi. Alitaka kusikia sauti za waliokuwa kwenye simu usiku ule.

Nao wakasikika. Allan McDonald akampigia simu, akamwambia kwamba mtu wa kushindwa ni yule aliyekuwa na nafasi ya kufanya jambo asifanye, tena asijali, naye Ebeling alifanya na alijali. Robert Lund, yule aliyeambiwa avae kofia ya meneja, akampigia simu. George Hardy wa NASA, yule aliyesema amestushwa na shauri la wahandisi, akamwandikia barua ya kumwambia kwamba yeye na wenzake walifanya yote yaliyowapasa. NASA yenyewe ikatoa tamko la kuwaheshimu watu kama Ebeling wanaothubutu kusema ili wanaanga wafanye kazi yao salama.

Nimejiuliza sana juu ya barua ya Hardy. Miaka 30 ni muda mrefu. Yeye naye alikuwa mzee, na sijui ni mara ngapi alishika kalamu akaiweka chini. Nakumbuka pia kwamba seremala wetu alifariki kabla hatujamwambia neno lolote, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Ebeling alimwambia yule mwandishi wa redio kwamba barua zile zimeutuliza moyo wake uliokuwa na wasiwasi. Alifariki tarehe 21 Machi, majuma saba na siku chache baada ya kuhojiwa kwake kutangazwa.

Wakati wetu umekwisha, naona wenye mitambo wananipungia mkono. Ikiwa kuna mtu uliyemfikiria tulipokuwa tukizungumza, posta iko wazi leo, na simu unayo. Tukutane tena kesho wakati kama huu, Mungu akipenda. Kwaherini.